Kuiona Nyumba Ukiwa Wodini

"Choo cha nyumbani kikoje, bibi?"

Mgeni wa wodi ya mifupa anaweza kudhani swali hilo limekuja mapema mno. Bibi ana miaka 78. Alianguka uani alfajiri akienda kutawadha, nyonga ikavunjika, na jana tu ametoka chumba cha upasuaji. Lakini mfiziotherapia anayeijua kazi yake huuliza hivyo kabla mgonjwa hajasimama hata mara moja, baada ya shikamoo na pole, akiwa amevuta kiti ili macho yao yawe usawa mmoja. Cha kuchuchumaa au cha kukaa? Kiko ndani au uani? Mlangoni kuna kizingiti? Usiku kuna taa? Kisha humgeukia binti aliyekaa pembeni na kumuuliza kitanda cha mama kina kimo gani. Binti hajui sentimita. Anasimama na kuonyesha kwa kiganja pajani mwake. Inatosha. Mtaalamu anatazama goti la bibi, anatazama kile kiganja, na hapo kazi ninayotaka kuisifu imeshaanza: kumfikisha mzee nyumbani kwa akili, siku kadhaa kabla hajafikishwa kwa gari.

Sifa za nyonga iliyovunjika kwa kawaida humwendea mpasuaji, na anazistahili. Mfupa wa paja una kichwa cha mviringo kinachokaa ndani ya kikombe cha nyonga, na chini ya kichwa kuna shingo nyembamba. Damu inayokilisha kichwa hupandia shingoni. Shingo ikivunjika na vipande vikaachana, kichwa hukosa damu na kufa polepole, ndiyo maana kwa mzee mara nyingi hakiungwi bali hutolewa na kuwekwa cha chuma. Katika hospitali nyingi za Afrika bado hutumika kifaa chenye jina la Austin Moore, daktari wa mifupa wa South Carolina, Marekani. Mvunjiko ukiwa chini ya shingo, damu haikatiki, na hapo mpasuaji huunga kwa bamba na skrubu au kwa msumari mrefu unaopita ndani ya mfupa. Saa moja au mbili, kazi ya kisu imekwisha.

Mgonjwa, hata hivyo, hajafika popote. Ana mguu unaoweza kubeba mwili, lakini kati ya mguu huo na mlango wa jikoni kwake kuna miezi ambayo wazee wengi hawaivuki, kwa nimonia, kwa damu iliyoganda, kwa vidonda vya kulalia, kwa kukata tamaa. Hata katika nchi tajiri, takriban robo ya wazee waliovunjika nyonga, na pengine zaidi, hufariki kabla mwaka haujaisha. Wanaopunguza vifo hivyo ni watu ambao majina yao hayaandikwi mlangoni: nesi wa zamu, mfiziotherapia, na yule ndugu anayemuuguza mgonjwa, anayelala kwenye mkeka chini ya kitanda chake.

Kazi hii imejengwa na watu, na baadhi yao tunawajua. Mwaka 1935, katika hospitali ya West Middlesex magharibi mwa London, daktari Marjory Warren alikabidhiwa mamia ya wagonjwa wa siku nyingi, wengi wao wazee, waliokuwa wamelazwa katika jengo la maskini lililopakana na hospitali. Wengi walikuwa hawajainuka kwa muda mrefu kwa sababu hakuna aliyewainua. Aliwapima mmoja mmoja, akawasimamisha, akawatembeza, na wengi wakarudi makwao. Baadaye, mjini Hastings kwenye pwani ya kusini ya Uingereza, mpasuaji wa mifupa Michael Devas na daktari wa wazee Bobby Irvine walianza kuzungukia wagonjwa pamoja. Mmoja alitazama mfupa. Mwenzake alitazama moyo, figo, akili, na nyumba ambayo mgonjwa angerudi. Mwaka 2007 Uingereza ilifungua daftari la taifa la nyonga zilizovunjika, kila hospitali ikaanza kuonekana inavyowahudumia wazee wake, na kati ya mwaka huo na 2011 vifo vya ndani ya siku 30 katika England vilishuka kutoka asilimia 10.9 hadi 8.5. Daftari hilo lina swali moja ninalolipenda kuliko mengine yote. Linauliza: siku ya 120, mgonjwa anaishi wapi? Kwa swali hilo, hospitali inawajibishwa kwa jambo linalotokea nje ya geti lake.

Sasa tumtazame mtu kazini.

Siku ya kusimama ni kesho yake, yaani siku inayofuata upasuaji. Haraka hiyo ina sababu. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani waliwalaza kitandani kwa siku 10 watu wazima wenye afya, umri wao wa wastani miaka 67. Hawakuwa wagonjwa, hawakupasuliwa, walikula vizuri. Kwa siku hizo 10, kila mmoja alipoteza kwa wastani karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Mzee aliyevunjika, asiyekula, mwenye maumivu, hana kilo ya kupoteza.

Kwa hiyo mfiziotherapia mzuri hukubaliana na nesi tangu asubuhi: dawa ya maumivu itangulie nusu saa. Hilo pekee hutenganisha wodi inayofanya kazi pamoja na wodi ambayo kila mtu ana ratiba yake. Mgonjwa aliyesimamishwa mara ya kwanza katikati ya maumivu makali hujifunza jambo moja tu, kwamba kusimama kunaua, na itachukua siku nyingi kumfundisha vingine. Kisha humketisha ukingoni mwa kitanda na kusubiri. Damu hushuka miguuni, kichwa huzunguka, na asiye na subira humwinua mzee kwenye kizunguzungu. Mwenye subira huzungumza naye, huuliza wajukuu ni wangapi, huku akitazama rangi ya midomo.

Mtu asiyefundishwa humwinua mzee kwa kumvuta mikono au kumbeba kwapani. Bega la mzee haliwezi hayo. Mtaalamu husimama upande wa mguu uliopasuliwa, mkono mmoja nyuma ya kiuno, mwingine mbele ya bega, na badala ya kuvuta hutoa maelekezo. Miguu irudi nyuma kidogo. Viganja visukume godoro. Pua ipite mbele ya vidole vya miguu, kwa kadiri miiko ya nyonga, tutakayoifikia, inavyoruhusu. Hapo ndipo siri ilipo: kiwiliwili kikielekea mbele vya kutosha, makalio huinuka karibu yenyewe, na mzee hushangaa kuona amesimama kwa nguvu zake. Nimewahi kuona mshangao huo usoni mwa mtu na sijui dawa inayoukaribia. Baada ya hapo ni hatua: fremu mbele, mguu uliopasuliwa, kisha mguu mzima. Hatua tatu siku ya kwanza ni ushindi. Kesho ni mpaka dirishani.

Kabla ya hayo yote kuna swali ambalo mfiziotherapia amemuuliza mpasuaji: mguu huu unaruhusiwa kubeba uzito kiasi gani? Jibu linalotakiwa kwa mzee ni uzito wote, tangu siku ya kwanza. Kumwambia mtu wa miaka 80 aweke nusu ya uzito ni kumwambia asitembee, kwa maana hana nguvu ya mikono ya kuning'inia kwenye magongo kama kijana aliyevunjika kwenye mpira. Mpasuaji anayejua hili huchagua chuma na namna ya kukifunga akifikiria kesho asubuhi. Pasipo jibu lililoandikwa kwenye faili, nesi wa zamu ya usiku ataogopa, ndugu wataogopa, na bibi atalala.

Woga huo wa ndugu ndio mahali ninapowaheshimu wataalamu hawa kuliko pengine popote. Sisi tumelelewa kumpumzisha mzee. Mama amechoka, mama atulie, mama asiguse kitu. Chakula kinaletwa kitandani, maji yanaletwa kitandani, na mtoto anayemwacha mama yake ajiinue mwenyewe huonekana hana huruma. Upendo huo, kwa mgonjwa wa nyonga, unamlaza mpaka miguu ikauke. Mfiziotherapia kijana, pengine umri wa mjukuu, anatakiwa aingie katikati ya adabu hiyo na kuigeuza bila kumvunjia mtu heshima. Hawezi kuwaambia mabinti kwamba wanamwua mama yao. Huwapa kazi mpya ya mapenzi: wewe utamsimamia akivuka kizingiti, wewe utahesabu safari zake za kwenda barazani, chai yake isogezwe mbali kidogo, akaifuate.

Wengine huenda mbali zaidi na kumtafuta mjukuu. Kati ya bibi na mjukuu kuna utani ambao mtoto na mama hawana. Binti akisema "mama simama" anaonekana anaamuru; mjukuu anayeitwa "mume wangu" akisema mke wake mvivu atarudishwa kwao, bibi huangua kicheko na kushika fremu. Nesi aliyekulia katika jamii zetu anajua hivyo bila kufundishwa chuoni, na anayetoka kwingine hujifunza kwa kutazama saa za kuona wagonjwa: nani akiingia, uso wa mgonjwa hufunguka? Huyo ndiye wa kufundishwa mazoezi.

Na kuna swali la siri zaidi ambalo lazima mtu alibebe: nani atamwogesha? Mwana wa kiume anaweza kuwa ndiye mwenye nyumba na ndiye anayelipa, lakini hataingia bafuni na mama yake. Mkwe naye ana mipaka yake. Familia haitalisema jambo hilo mbele ya daktari. Itaitikia kila kitu, itasaini, itaondoka, na kule nyumbani mgonjwa atakaa siku nne bila kuogeshwa vizuri, kidonda cha kulalia kikianza kisiginoni bila mtu kukiona. Nesi mwenye busara humwita pembeni mwanamke mmoja wa familia na kulimaliza. Wakati huohuo humwonyesha namna ya kuweka mto chini ya kigimbi ili kisigino kielee hewani, kisigusane na godoro, maana kisigino huoza haraka.

Nyumba yenyewe ndiyo sura kubwa ya kazi hii. Mgonjwa aliyewekewa kichwa cha chuma kwa kupitia nyuma ya nyonga huwa na miiko ya wiki 6 hadi 12: asikunje nyonga kupita pembe mraba, asipandanishe miguu, asiupindishe mguu uliopasuliwa uelekee ndani. Akivunja mwiko, kile kichwa kinaweza kuchomoka kikombeni, na arudishwe hospitali akilia. Vitabu vinavyofundisha miiko hii viliandikwa kwa ajili ya nyumba zenye makochi na vyoo vya kukaa. Mtaalamu wa Tanga au Mombasa huichukua miiko hiyohiyo na kuizungusha ndani ya nyumba nyingine kabisa.

Chukua mbuzi ya nazi. Anayekuna nazi hukaa chini kabisa, magoti juu, mgongo umeinama mbele. Huwezi kubuni mkao mbaya zaidi kwa nyonga hiyo. Ukimwambia bibi asikae kwenye kiti kifupi atakubali kwa moyo wote, na wiki ya tatu akipata nafuu atakaa kwenye mbuzi, kwa sababu kwake mbuzi si kiti. Inabidi itajwe kwa jina. Kigoda cha jikoni kitajwe, mkeka wa chakula utajwe, ufagio mfupi wa chelewa unaomkunja mtu kiunoni utajwe. Orodha ndefu ya makatazo huanza kuonekana kama kifungo, kwa hiyo aliye bora huambatanisha kila katazo na njia: nazi utakuna mezani kwa kikunio cha mkono, au mjukuu atakuna, ufagio utafungiwa mpini.

Kitanda nacho. Godoro la chini halifai. Samadari ya urithi, iliyo juu hata bibi huipanda kwa ngazi yake ndogo, haifai pia, na hakuna atakayekubali ikatwe miguu. Kipimo ni mwili wake mwenyewe: akikaa ukingoni, nyayo ziguse sakafu zote, na magoti yawe chini kidogo ya nyonga. Kitanda kikiwa kifupi, matofali manne chini ya miguu yatafaa iwapo yamekaa imara. Kikiwa kirefu, kiazimwe kingine kwa jirani kwa miezi mitatu.

Swala huleta uzito wa aina yake. Bibi ambaye hajaacha kusujudu tangu utotoni husikia "usiiname mpaka chini" kama hukumu. Dini inamruhusu mgonjwa aswali akiwa ameketi, na analijua, lakini kujua si kuridhika. Nimependa namna baadhi ya wauguzi wanavyolishughulikia: hawahubiri. Huwaomba watoto wamwite sheikh wa mtaani aje kumjulia hali, na amwambie yeye. Neno lilelile likitoka kinywani mwa anayestahili kulisema, bibi huketi kwenye kiti chake na kuswali kwa amani.

Kisha choo, ambacho ndicho tulichoanza nacho kwa sababu ndipo wengi huanguka tena. Seremala wa mtaani akielezwa vizuri hutengeneza kiti cha msalani kwa siku moja: mbao, tundu katikati, vishikio viwili vya kusukumia, kimo cha kuzidi goti kidogo. Kiti cha plastiki kilichotobolewa huonekana sana, na kwa mtu mwepesi kinasaidia, ila miguu yake huteleza na kufunguka kwenye sakafu yenye maji. Mfiziotherapia mmoja anayejua hilo huchora kiti kwenye karatasi, huandika vipimo, na kuwapa ndugu wampelekee fundi siku nne kabla ya ruhusa. Siku nne kabla. Akiwapa siku ya kuondoka, kiti kitakamilika baada ya bibi kuanguka.

Hapa kuna alama ya kumtambua mtaalamu wa kweli katika kazi hii. Mgonjwa aliyeungwa kwa bamba au msumari hana miiko ile ya nyonga kuchomoka. Atapata shida kuchuchumaa kwa maumivu na udhaifu, lakini hakuna kitu cha kuchomoka. Mtaalamu mvivu huwapa wote karatasi moja ya makatazo, na bibi mwenye msumari anafungwa miezi mitatu bila kosa. Aliye makini husoma kwanza nini kimefanyika ndani ya mwili huu, ndipo aseme.

Tusisahau usiku. Siku ya pili au ya tatu mzee aliyekuwa na akili timamu anaweza kuanza kuweweseka: anaongea na dada yake aliyefariki zamani, anaona watu dirishani, anang'oa mpira wa mkojo, anamwita mwanawe mwizi. Ndugu hushtuka, na wengi huwaza majini au mkono wa mtu. Nesi aliyekomaa hatawacheka. Huwaeleza kwamba hali hii huwapata wazee wengi baada ya upasuaji, kisha huanza kuwinda chanzo: homa, mkojo wenye maambukizi, upungufu wa maji, kufunga choo kwa sababu ya dawa kali za maumivu, maumivu yenyewe, au miwani iliyoachwa nyumbani. Mpira wa mkojo huondolewa mapema iwezekanavyo. Taa ndogo huachwa. Uso unaojulikana hukaa karibu. Katika jambo hili familia zetu zina utajiri ambao wodi za Ulaya huuhangaikia, yule ndugu wa mkekani, na nesi anayemruhusu abaki baada ya saa za kuona wagonjwa amempa mgonjwa dawa. Kuna kitu kingine lazima akiseme wazi: hali hii ikirudi ghafla baada ya wiki mbili nyumbani, ni ugonjwa, mleteni.

Kuchua ni mtihani mwingine. Kila mtaa una mama anayejua kukanda kwa maji ya moto na mafuta, na mikono yake imewasaidia wengi. Lakini kigimbi kilichovimba upande mmoja baada ya upasuaji kinaweza kuwa na damu iliyoganda, na kukikanda kunaweza kuisukuma damu hiyo iende mapafuni. Ukimkataza kabisa huyo mama, atakuja usiku. Nesi niliyemsikia akilizungumza aliligawa: mgongo wake, mabega yake, mikono yake, mchueni, atapenda. Mguu huu uacheni mpaka kliniki. Uvimbe, maumivu ya kifua, pumzi kukata ghafla, njooni saa hiyohiyo, msisubiri asubuhi.

Na baada ya kusema yote, hunyamaza na kuwaomba wao waseme. "Sasa mama mdogo, hebu nieleze wewe, sindano hizi za tumboni zinaisha lini?" Sindano za kuzuia damu kuganda huendelea nyumbani, mara nyingi hadi mwezi mmoja, na bila kuulizwa hivyo familia huzikatisha mgonjwa anapoanza kutembea, wakidhani amepona. Vivyo hivyo kuinua: ndugu hamwangalii mtaalamu akimwinua mgonjwa, anamwinua yeye mwenyewe, mtaalamu akiwa amefunga mikono nyuma. Kuiweka mikono hiyo nyuma ni kazi ngumu. Kumwinua mzee mwenyewe ni sekunde kumi; kumwacha binti mwenye woga amwinue vibaya kidogo, umsahihishe, arudie, ni dakika ishirini, na kuna vitanda vingine thelathini vinasubiri.

Dakika hizo zina malipo yanayopimika. Mary Naylor wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, alijenga utaratibu ambao nesi mmoja hukutana na mzee akiwa bado kitandani hospitali, hupanga naye kurudi, kisha humfuata nyumbani na kupokea simu zake. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1999, uliohusu wazee wenye maradhi mbalimbali, waliorudishwa hospitali ndani ya wiki 24 walikuwa asilimia 20 kwa wale waliofuatwa na nesi, na 37 kwa wale waliopewa huduma ya kawaida. Mjini Trondheim, Norway, wagonjwa 397 wa nyonga waligawanywa: nusu wodi ya mifupa, nusu wodi ya madaktari wa wazee iliyopanga kurudi kwao tangu siku ya kuingia. Matokeo yalitoka 2015. Baada ya miezi minne wale wa pili walitembea vizuri zaidi. Chuma kilikuwa kilekile.

Kwetu kuna safari ya pili, na ndiyo husahauliwa. Mzee aliyeanguka Newala, kusini mwa Tanzania, akapasuliwa hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, hatoki wodini kwenda kwao. Hukaa kwa mtoto wake Mbagala, mjini humo, mpaka kliniki ya kwanza ipite na nyuzi zitolewe, ndipo apande basi la kusini. Yote yaliyofundishwa wodini alifundishwa binti wa Mbagala. Shangazi wa Newala, ambaye ndiye atakayeishi na mzee miaka iliyobaki, hakuwepo. Nimewastahi sana wale wanaoliona hilo mapema na kuandika kwenye daftari la mgonjwa, kwa Kiswahili kinachosomeka, ukurasa mmoja wa shangazi na ukurasa mwingine wa mganga wa zahanati: nini kimewekwa, nini kimekatazwa na mpaka tarehe gani, dawa zipi zimekwisha na zipi zinaendelea, namba ya simu ya wodi. Humweleza pia mgonjwa namna ya kusafiri, achezeshe vifundo vya miguu njia nzima na ashuke asimame kila basi linapotua. Mhudumu wa afya wa kijiji akipata ukurasa ule ana pa kuanzia. Asipoupata, anamkuta mzee kitandani na kudhani ndivyo alivyo.

Mtaalamu mzuri, mwisho, huuliza kwa nini mzee alianguka. Mfupa unaovunjika kwa kuanguka kutoka kimo cha kusimama tu ni mfupa uliokwisha dhoofika, na mguu wa pili ni wa mtu yuleyule. Pengine ni mtoto wa jicho ambaye hajaondolewa, au dozi ya presha inayomwangusha akiamka usiku. Mwaka 2007 utafiti wa wagonjwa 2,127 waliovunjika nyonga ulionyesha kwamba dripu ya zoledroniki, dawa ya kuimarisha mifupa, mara moja kwa mwaka ilipunguza mivunjiko mipya kwa asilimia 35 na vifo kwa asilimia 28. Dawa hiyo haipatikani kila mahali, lakini iulizwe, na pasipo nayo vipo vidonge vya kila wiki. Maziwa, mayai, dagaa wanaoliwa na mifupa yao na jua la asubuhi vinapatikana.

Ukiwa na mzee wodini wiki hii, usipokee karatasi ya ruhusa kabla hujamwinua mwenyewe mara mbili mbele ya mtaalamu. Uliza mguu unabeba uzito gani, mwiko upi unamhusu yeye, sindano zinaisha tarehe ngapi, na usiku kukiharibika unampigia nani. Mwelekeze seremala leo. Na mfiziotherapia au nesi akikuuliza choo chenu kikoje, mjibu kwa kirefu, kisha muulize jina lake, umwandikie mkuu wake wa kazi kwamba mtu huyu anastahili nauli ya kuwafuata wagonjwa majumbani na simu ya kuwapigia, kwa sababu wapo wanaolipia vyote viwili kutoka mifukoni mwao.